Mwiko

Saa nane usiku, Ruaraka.
Friji ya baridi kali inanguruma peke yake,
na wewe umo ndani, hamira yangu,
katika kichupa kisichozidi kidole changu cha mwisho,
nambari MT-17, wino wa samawati.

Nimebakiza fomu moja.
Mtafiti: Nekoye Khaoya.
Kilichobadilishwa: jeni moja imekatwa.
Sababu: kuondoa karafuu katika bia ya mtama.
Halafu kisanduku cha tano, *Kiumbe mzazi*,
na hapo kalamu inagoma
kama punda aliyeona daraja.

Kwa maana najua ulikotoka.
Hukuja kwa ndege, na cheti shingoni.
Nilikupangusa kwa pamba kwenye mwiko wa mama,
Mathare, upande wa Bondeni, nyuma ya mabati,
mwiko uliokoroga busaa miaka thelathini na mmoja
bila kuonja sabuni.
Sabuni, alisema mama, huua walio kazini.
Neno seli hakulijua.
Alijua walio kazini.

Ulikula unga uliokaangwa juu ya bati,
ukala kimea cha wimbi,
ukachemsha pipa zima bila kijiti cha kuni.
Na ulimwagwa mara ngapi!
Buti mlangoni, pipa chini,
mtaro ukitoa povu mpaka mtoni,
bata wa jirani wakitembea upogo.
Mara moja walimchukua na mama.
Miezi minne Lang'ata.
Mimi darasa la sita, nikikaanga viazi kwa karai lake.
Wewe ulikuwa umejibanza kwenye nyufa za mti,
kimya, ukingoja unga.
Sijasikia askari aliyekamata mwiko.

Leo una kufuli mbili.
Una kamera, una mlinzi, mlinzi ana mbwa.

Mkasi wenyewe hauonekani kwa macho:
ni protini niliyoipa herufi ishirini za kusoma,
ikapita ndani yako neno kwa neno,
ilipofika penye karafuu,
chap.
Nikakuziba jeraha kwa kiraka nilichokiandika mwenyewe.
Siku tatu sikula vizuri.
Ya nne ukatokeza kwenye sahani, madoa meupe,
kama mtu aliyeamka akaomba chai.
Sukari ya mtama ukaimaliza kwa kasi yako ile ile,
na waonjaji kumi na wawili, pua ndani ya glasi,
hawakuona karafuu.

Jumapili nikampelekea mama chupa.
Nilikuwa nimeandaa pole njia nzima:
kwamba nimemnyang'anya kitu,
kwamba nimekata jina lake katikati.
Akanusa. Akanusa tena.
"Ile harufu iko wapi?"
"Niliikata, mama."

Akacheka mpaka akashika ubavu.
"Ungekuwa na mkasi huo mwaka ule!
Unadhani polisi walitupata kwa ramani?
Walifuata pua.
Nyumba nzima ilinuka pilau
na hatukuwa na mchele."
Akanywa kidogo. Akafuta mdomo kwa leso.
"Nyepesi. Lakini sikusifu, mgema unamjua."
Kisha, akitazama lebo, mhuri, nambari ya kibali:
"Na hiki wanakitoa ofisi gani?"

Nilimwambia ofisi.
Nilimwambia na ada yake.
Akairudisha chupa mezani polepole,
lebo ikitazama ukuta.

Sasa ni saa tisa kasoro.
Kisanduku cha tano kina upana wa neno moja
na nambari haiingii moyoni.
Naandika: *mwiko*.

Najua watanirudishia.
Kijana wa tai atapiga simu, atauliza kwa adabu,
mwiko upi, bibie,
wa kukoroga au wa kukatazwa?
Nitamwambia ni mmoja,
uko Bondeni, umeegemea ukuta,
na asiuoshe.